Pale Kidole Gumba Kiliposimama

Baba,

Ile katuni ya mchonga vinyago nimeimaliza jana mchana, hapa Tassia, miezi minne baada ya kukuzika. Nimeona nikuambie wewe kwanza, maana mkono ni wako.

Unakumbuka nilivyokupiga video kibandani kwako mtaa wa Jericho, ukichonga twiga kwa tezo? Kompyuta iliufuata mkono wako na kutia nukta za kuongoza mkono wa katuni kwenye kila picha, mamia kwa mamia. Nilipokuonyesha ulicheka. "Hii ni katuni ama ni mbao imeliwa na wadudu?" Kisha ukanifundisha kazi yangu mwenyewe: wewe hutia alama za makaa kwenye viungo tu, shingoni, kiunoni, gotini, na katikati unaiachia tezo. Nikakuahidi nitazipunguza.

Halafu ukaondoka, nami nikashindwa. Kila nukta niliyoigusa niliona ninakufuta wewe. Mkono wa katuni ukabaki unatetemeka kama wa mwenye homa, na walionipa kazi wakapiga simu mara tatu. Baba, nililia mbele ya mashine.

Mwishowe nikaiambia programu izipunguze yenyewe. Ikabakisha chache, mwendo ukawa laini. Lakini hukuwa wewe. Alikuwa fundi yeyote tu, anachonga bila kusita. Nikairudia video yako hadi nikaona: kila baada ya mapigo machache ulisimama, ukapitisha kidole gumba juu ya mbao, polepole. Mwendo mdogo mno. Programu ilidhani si kitu, ikaufuta.

Nikaanza upya, nukta moja moja. Tezo juu, tezo chini, mbili zatosha. Pale kwenye kidole gumba sikuondoa hata moja.

Mama alikuwa akipita nyuma yangu na beseni la nguo, akasimama. Sikuwa nimemwambia ule mkono ni wa nani. "Ni yeye," akasema. "Anatafuta kosa." Akaweka beseni chini, akaketi, akaniomba nirudie.

Twiga wako bado ana makaa gotini. Sitampiga msasa wala sitamwuza.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, kabla sijafuta chochote, nitasimama kwanza nipapase.

Binti yako,
Mwende