Ramazani, Jina Lako Limebaki Kitabuni

Ramazani, ndugu yangu,

Ni mimi, fundi cherehani, jirani yako wa pazia. Usishangae kuona mwandiko. Ulikuwa unasema mkono wangu unajua sindano tu, kalamu hapana. Basi tazama. Barua hii nimeiandika mwenyewe, hakuna mtu amenisaidia, na ninajua ni nzuri.

Chumba chetu cha Albert Park, huku ugenini, ningali nacho. Pazia la kitenge sijalitoa, ingawa upande wako ni kimya. Kijana mmoja wa duka la simu alitaka kitanda chako. Nikamwuliza kama anakoroma. Akasema hapana. Nikamwambia basi hafai hapa. Friji sasa naweza kuisukuma popote, hakuna wa kunipigia kelele kwamba nimeziba kibla. Nimeiacha palepale.

Sasa sikia jambo lenyewe. Njeri amemaliza kitabu chake cha kupatia digrii. Yule Mkenya wetu wa chuo cha Westville, anayesoma mambo ya dini, aliyekuwa anakuja Jumamosi na wastajieri wake, wale vijana wa mazoezi ya kazi, na kale karekoda kao ka kunasa sauti. Wanauliza Mkristo na Mwislamu wanaishije chumba kimoja bila kuuana. Unakumbuka ulivyoanza siku ya kwanza? “Mwanangu, andika hivi: huyu anaimba vibaya, lakini anamwimbia Mungu.” Nami nikawatolea habari ya sufuria yako, niliyopikia soseji bila kujua ni ya nguruwe, nawe ukaitoa nje na mfuniko wake, ukaiweka kwenye takataka kama maiti. Vijana walicheka mpaka karekoda kakaanguka. Mimi nasema wazi: bila sisi wawili, kitabu kile hakina chumvi.

Njeri alikuja kunisomea sehemu yetu kabla hajaenda kuitetea mbele ya maprofesa. Nilivaa suti. Anasoma: “Bwana Salim alisema…” Nikangoja. “Bwana Yosefu akamjibu…” Nikamkatiza. Salim ni nani?

“Ni Mzee Ramazani,” akasema. “Na Yosefu ni wewe, Mzee. Tunabadilisha majina ili kuwalinda watu.”

Eish, Ramazani. Nilisimama. Kumlinda nani? Wewe uko chini ya udongo, na watu wa msikiti wenu hawakuandika kitu juu ya kaburi, walisema udongo unatosha. Sikubishana nao, ni desturi yenu. Lakini basi mahali pamoja tu palibaki ambapo jina lako lingeandikwa katika nchi hii, na pale wameweka Salim! Salim alipika samaki wapi? Salim alinifokea lini?

Nikamwambia: “Toa maneno yangu yote. Ramazani kama hayumo, na mimi simo.”

Akaweka karatasi zake chini. Ndiyo sheria yao, mtu akisema toa, wanatoa. Na bila sisi sura nzima inaanguka, na siku yake ya kutetea iko karibu. Aliniomba kwa adabu, mtoto wa watu. “Mzee, miaka yangu yote iko humo.” Mimi nikakaza. Unanijua.

Nikapanda teksi mpaka Westville, nikapanda kile kilima kwa miguu yangu, nikaingia kwa profesa wao bila kubisha hodi. Furaha alikuwa anatafsiri, yule stajieri wetu mzaliwa wa Bukavu. Nilisema vizuri sana siku ile, Ramazani, ungejivuna. Profesa akasikiliza mpaka mwisho. Akasema jina linaweza kurudi kama mwenyewe alitaka, na familia ikikubali. Lakini mwenyewe amekufa. Nani anajua alitaka nini?

Hapo Furaha akainamisha kichwa. Akasema: “Papa, mimi najua. Aliniambia kwenye ngazi. Karekoda kalikuwa kamezimwa, na sisi tumefundishwa, kilichosemwa karekoda kakiwa kamezimwa hakiandikwi.”

Akayasema maneno yako, na sauti yako kabisa: “Mimi andikeni jina langu, na Kasongo kwetu muiandike. Nani atahangaika na mzee? Lakini huyu fundi mfiche. Ana mdomo. Mwaka ule walimpiga kwa ajili ya mdomo. Na msimwambie, atakataa.”

Nilikaa. Hakuna aliyeniambia nikae.

Mwaka ule, walipokuwa wanawatafuta wageni mtaa kwa mtaa, wewe ulifunga mlango, mimi nikatoka. Nilisimama pale kwenye robot, zile taa za barabarani, nikawatajia jina langu na la baba yangu na nchi yangu. Wakanijibu kwa fimbo. Ulinibeba kwenye ngazi zile zote, ukaniosha damu kwa birika lako la udhu, na hukusema neno moja la kunilaumu. Kumbe ulikuwa umeliweka.

Nilikukasirikia. Maiti inaniamulia! Jengo zima nilikuwa nimelitangazia kwamba nimo kitabuni: kinyozi, mama wa mboga, hata mchungaji wetu alilisema mbele ya kanisa. Na wewe unataka nifichwe kama mwizi. Nilirudi nyumbani kwa hasira, nikashona suruali nzima kinyume, miguu imegeukana. Mimi, fundi! Hapo ndipo nililia, nikakubali kubaki Yosefu.

Tumempigia simu binti yako Zaina. Alisema, “Baba aandikwe.” Basi umeandikwa. Njeri alinionyesha, nikasoma kwa kidole, herufi moja moja: Ramazani wa Kasongo. Na pembeni yako huyo Yosefu, anakujibu. Anajibu vizuri, siwezi kusema uongo.

Watu wa jengo wananiuliza, “Mzee, uko ukurasa gani?” Nawaambia walinitoa. Kinyozi alicheka sana. Nimemwacha acheke.

Wiki ijayo Njeri anatetea. Nitakaa mbele kabisa na suti. Watakapofika kwenye sufuria, ukumbi utacheka, lazima utacheka, na watu wataangaliana wakitaka kujua huyo Yosefu ni nani. Nakuahidi, Ramazani: sitainua mkono. Sitakohoa. Nitatazama dirisha. Hakuna mtu amewahi kuniomba kitu kigumu hivi, na wewe umeniomba nyuma ya mgongo wangu.

Pumzika sasa. Wenzako wamekuombea kwa maneno yao, mimi kwa yangu, tena kwa kuimba. Mungu atachukua yanayomfaa.

Ni mimi. Jina unalijua, sitaliweka hapa.