Mama, Usilikalie Benchi Leo

Mama,

Maharage yameiva, yako jikoni. Chumba changu nimefagia mpaka uvunguni, usije ukasema tena. Asubuhi ulinisema mbele ya kaka, eti nafagia bustani ya watu na kwangu kunanishinda. Iliniuma, ndiyo maana chai sikunywa.

~~Leo sili nyumbani.~~ Mwambie kaka asiyamalize maharage, kuchimba kwa koleo kunatia njaa.

Wenzangu wa kikundi cha kujitolea walitaka tuanze na geti la bustani ya mtaa. Mimi nikang'ang'ania lile benchi unalopumzishia miguu ukitoka kazini. Leo tunalipaka rangi na kupanda mti wa kivuli nyuma yake. Ukipita jioni usilikalie, rangi itakuwa mbichi. Nitakupindulia ndoo ukae, kisha turudi wote.

Kitindamimba wako