Wifi, Niliandika Jina Langu Mahali Pako

Mpendwa wifi yangu Marisol,

Ungekuwepo ungenicheka. Huu ni mwaka wa pili tangu moyo wako usimame ghafla kazini, na mimi, dada wa mume wako, bado nagombana na watu wa Brussels kwa ajili ya tumbo la mwanao.

Unakumbuka jikoni kwetu Anderlecht, hapa hapa Brussels? Wewe wa Bolivia, mimi wa Bujumbura, redio ikitangaza vita vya kwetu, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa pilipili. Kiswahili ulikiokota kwangu huku unamenya viazi. Siku moja, Idi akiwa bado tumboni, ulinisimulia nyumba ya udongo uliyokulia, na wadudu waliodondoka darini wakawauma usoni mkiwa mmelala. Nikakwambia mtaani kwetu Buyenzi, kule Bujumbura, tungewafukuza kwa fagio. Ulicheka mpaka ukashika kiuno.

Kisha, kwa woga wa kujifungua, ukasema, "Wifi, nikikufa, mutoto wangu asiitwe yatima." Nikakuitikia bila kufikiri sana.

Kwa hiyo Idi alipoanza kukaa siku nane bila choo, tumbo limevimba, chakula anakitapika, nilimpeleka hospitali, na mahali pa jina la mama nikaandika langu. Alikozaliwa mama: Bujumbura. Kwetu mtoto aliyefiwa hatangazwi mbele za watu. Shangazi aliyemchukua ndiye mama, basi. Sikuona uongo hapo.

Wakampima magonjwa ya Afrika, moja baada ya jingine. Walipoyakosa wakanigeukia mimi: eti namshindilia wali na ndizi, simpi maji. Muuguzi mmoja alinifundisha matunda ni nini. Nilimjibu vibaya, na sijuti. Miezi ikapita kwa dawa za kulainisha choo, na Idi, mtoto wa miaka mitatu, akawa analia akiona poti yake.

Mwishoni daktari mmoja, binti mdogo tu, akauliza kama sisi wazazi tumewahi kuishi kwingine zaidi ya Afrika na Ulaya. Kaka yangu, baba yake Idi, aliniangalia.

"Dada, sema ukweli," akaniambia. "Mutoto anaumia."

Idi alikuwa mapajani pangu. Niliona kama nakuzika mara ya pili.

"Mimi si mama yake," nikasema. "Mama yake alizaliwa Bolivia, na alikufa kwa moyo."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza kuhusu nyumba za udongo, akauliza kuhusu wadudu, nami nikamweleza yote uliyonisimulia. Damu ikajibu: ugonjwa wa Chagas. Wadudu wale walikuambukiza ukiwa mtoto, ukaishi na ugonjwa huo bila kujua, nao ukampata Idi tumboni mwako na kumharibu utumbo. Huenda ndio uliokuua. Usijilaumu, wifi. Aliyeficha ni mimi, na hilo linaniuma kila siku.

Dawa amekunywa miezi miwili, nikimsagia kwenye uji. Utumbo uliokwisha kupanuka haurudi wote kama zamani, na huenda watampasua. Wananiambia nisitarajie makubwa. Natarajia makubwa. Wiki hii ameketi kwenye poti mara tatu bila kulia, na nimempigia simu kila mtu ninayemjua.

Picha yako nimemwonyesha, akajua kutaja jina lako. Hospitali nako wameliandika. Jina nimekurudishia, wifi. Mtoto simrudishi. Usimngoje huko. Septemba anaanza shule, na mimi ndiye nitakayempeleka.

Lala salama, tumbo lake niachie mimi.

Wifi yako mkaidi,
Mama Idi