Eti Tunakula Sahani Moja

Habona rafiki yangu, salamu sina leo. Naandika kwa penseli, mtumbwi wa Garsen utakaobeba barua hii unaondoka sasa hivi.

Mume wangu Hezekia amehubiri kanisani. Amesema, "Furaha ya nyumba ya Kikristo ni kula pamoja. Mimi na mke wangu tunakula sahani moja."

Sahani moja! Miaka tisa yeye anakula barazani na wanaume, mimi na watoto jikoni!

Tena akawaalika wazee wa kanisa waje waone. Waje waone, Habona! Akaninong'oneza, "Kaa hapa mkekani, ucheke kidogo."

Nikakaa. Sikucheka. Mzee mmoja akaniambia nikiombee chakula. Nikasema, "Asante Bwana, leo mume wangu amenikaribisha kula naye kwa mara ya kwanza."

Hakuna aliyeitikia amina.

Wazee walipoondoka nikakimbilia jikoni, nikajua leo napigwa. Hezekia akanifuata na sahani ile ile, hajaigusa. Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mwanamume mzima na kanzu yake ya kanisani, akaanza kula nasi.

Mnafiki mkubwa! Sijamsamehe. Ila watoto walipomcheka, Habona, na mimi nikacheka. Bila kuambiwa.