Jina Lako Limo Kitabuni

Kolkata

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo Mkonze. Goti linaendeleaje, na uwele umeota au ndege wamefukua mbegu? Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Barua hii nimempa mwanafunzi anayerudi Dodoma aikabidhi mkononi mwako, kwa kuwa simu unayotumia ni ya jirani. Isome peke yako.

Unamkumbuka Mama Mala, yule mwandishi wa riwaya Mbengali niliyemfanyia ukalimani, uliyemcheka alipojaribu kusonga ugali. Ndivyo alivyo hata huku kwao. Kabla ya kuandika juu ya wachuma chai, alichuma chai miaka miwili, na kitabu chenyewe kikamfunga jela. Kwetu alikaa na kina mama wanaoponda kokoto, akaponda nao mpaka viganja vikachubuka. Kila sura aliwasomea kwanza, nami nikitafsiri. Wakisema hapa umekosea, anafuta bila kununa.

Mmoja wao ndiye aliyetueleza siku ukuta wa machimbo ulipoporomoka, na jinsi mwenye machimbo alivyoamuru tingatinga lifukie shimo, wanawake wawili wakiwa bado chini. Aliona kwa macho yake. Ana watoto wanne, wa mwisho ananyonya. Tulipofika huku, kitabu kikikaribia kuchapwa, Mama Mala akaniambia, "Huyu tumfiche. Nipe jina lisilo la mtu."

Mama, kwetu jina lisilo la mtu liko wapi? Kila jina lina bibi yake. Kuwaita marehemu niliogopa. Yule mwanamke kitabuni ni jasiri, hamung'unyi maneno, nami nilikuwa nimekukumbuka sana. Nikampa lako, Nyemo Chilewa, lote zima. Nilidhani nakupa heshima. Nilikuwa mjinga.

Sasa kitabu kimetoka kwa Kiswahili na kimefika Dodoma. Juzi ulinipigia kwa furaha kwamba kuna bwana mstaarabu amekuja mara mbili na sukari, akauliza kama Nyemo Chilewa ni wewe, nawe ukamjibu, "Ndiye mimi, hapa hakuna mwingine." Halafu akataka umwonyeshe uliposimama siku ile, ukadhani anaulizia mpaka wa shamba. Lile gari lenye vumbi jeupe ulilosema alikuja nalo nalijua, ni la machimbo.

Mama Mala hali chakula. Yuko tayari kutangaza magazetini kwamba jina hilo ni la kubuni. Nimemwambia asubiri. Tukisema si wewe, watauliza ni nani basi, na wanaoponda kokoto pale hawafiki ishirini. Nimekuweka wewe mlangoni uwe ngao ya mtu mwingine, na sijui kama Mungu atanielewa. Naona aibu, na naogopa.

Kwa hiyo nakusihi, usingoje hata ibada ya Jumapili. Nenda Mpwapwa kwa mama mdogo. Mbuzi mwachie kaka, na usimuage mtu, hata mama mchungaji.

Mama mdogo mpe salamu zangu, umwambie nitamweleza mwenyewe. Kaka mwambie asibishane na yule bwana. Mama Mala anakupigia magoti.

Huko Mpwapwa jiite jina lolote utakalopenda. Mtu akiita Nyemo njiani, usigeuke.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Yudita