Gome la Mawio na Machweo

Bibi yangu, shikamoo.

Huku milimani Korogwe uji unapoa kabla haujafika mdomoni. Leo mwongoza wageni wa bustani ya mimea alituingiza sisi wanafunzi msituni, tukaukuta ule mti wako wa homa. Gome limebanduliwa pande mbili tu, wa mawio na wa machweo, kama unavyobandua wewe.

“Kima ndio wanaolibandua,” akasema. Wenzangu wote wakaandika. Mimi sikuandika, kima gani anajua jua linatokea wapi?

Kisha akaniuliza, “Kwenu Sindeni mti huu mnaufanyia nini?”

“Kuni tu, tunapikia,” nikamjibu.

Akanitazama sana, akatia mikono mfukoni. Lakini nilishaviona vidole vyake: vya njano, kama vyako siku za kuchuna dawa.

Jifunike kifua, Bibi. Na mgeni akija kuulizia miti, nawe mwambie tunapikia.

Mjukuu wako,
Mwanahawa