Hoteli Niliyomchagulia Wifi

Jumanne, 3 Juni

Hoteli! Ameomba hoteli!

Ujumbe kauandika binti yake, Anke, maana Heike mwenyewe kaolewa na kaka yangu Gaetano miaka ishirini na mitatu bila kujifunza Kiitaliano cha kuombea maji. "Shangazi, mimi na Mama tunakuja Napoli kwa mara ya kwanza, tarehe kumi na mbili hadi kumi na tano. Tunaomba utuchagulie hoteli salama, mahali pazuri, karibu na kila kitu. Wewe ndiye unayeujua mji."

Naujua mji. Na nyumba yetu naijua. Chumba cha Gaetano ni kitupu tangu aende Ujerumani, na kitanda chake nakitandika mimi kila Jumamosi. Leo mjane wake alale hotelini, mama mkwe yupo hai, mtaa mzima wa Sanità usikie! Mtu wa nyumbani haombi hoteli. Anafika na mabegi yake, anabisha, anakaa mezani.

Gaetano wamemzika hukohuko Bremen, Novemba. Sisi tulitumiwa picha.

Sawa, wifi. Hoteli utaipata.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia Mama. Ilibidi, alinikuta nagonga sufuria kwa hasira.

Alilia kwa furaha. "Nitamwona mtoto wa Gaetano kabla sijafa!" Akafungua droo, akatoa hereni zake za marijani, zile za harusi. Mimi sijawahi kumwona nazo.

"Watalala hotelini, Mama."

"Walale wanapotaka. Kula watakula hapa."

Ana miaka themanini na sita, miguu imevimba, na tunakaa ghorofa ya nne. Lifti ya jengo letu haiendi mpaka uitie sarafu ya senti kumi. Sarafu naziweka mimi, kwenye kopo juu ya kabati, asije akapotelea sokoni kama mwaka jana. Ndivyo ninavyowaambia watu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimetembea kutwa kutafuta hoteli. Nimeona tatu.

Ya kwanza, jirani na stesheni. Chafu, na pale mlangoni mkoba haumalizi dakika mbili begani. Ilinivutia, sitasema uongo. Lakini angerudi Bremen na hadithi ya kusimulia: wifi yangu alinitupia vibaka. Sitaki. Nataka akose hata neno moja la kulalamika.

Ya pili, kule Chiaia, inatazama bahari. Mazulia, bawabu, lifti kubwa. Nzuri kupita kiasi. Halafu Mama angeweza kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka ndani.

Ya tatu ni ya Fiorenzo, tuliyesoma naye, nyuma ya Kanisa Kuu. Shuka safi, mtaa mtulivu, treni ya mjini hapo karibu, dakika kumi kwa miguu toka kwetu. Ghorofa ya tano. Lifti hakuna.

"Ni salama?" nikamuuliza.

"Salama? Dada Ersilia, ngazi mia moja na kumi na mbili! Mwizi gani ana mapafu hayo?"

"Na mtu mwenye goti bovu?"

"Nani ana goti bovu?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Heike ana goti la chuma. Gaetano aliniambia kwenye simu miaka mitatu iliyopita. Na Mama pale juu hafiki hata kwa kubebwa. Nilirudi nyumbani nikila aiskrimu. Ndiyo, nilikula aiskrimu.

Alhamisi, 12 Juni

Wamefika. Nimewapelekea boksi la keki.

Nilimkuta Heike bado anapanda — mkono kwenye ukuta, mwekundu, anahema. Nikafurahi. Hapa hasomi mtu, naweza kusema.

Lakini yule msichana! Kidevu cha Gaetano. Na namna ya kuinamisha kichwa akisikiliza. Iliniuma mpaka nikaiacha kahawa ya Fiorenzo nusu kikombe.

"Bibi hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

Wote wawili wananitazama, kana kwamba nimesahau kumalizia. Heike akasema kitu kwa Kijerumani, Anke akatafsiri kwamba hawapendi kutusumbua.

"Hamtusumbui," nikasema, nikachukua mkoba nikaondoka.

Nyumbani Mama alikuwa ameandaa sahani nne. "Wako wapi?"

"Hotelini kwa Fiorenzo. Wamechoka."

Ijumaa, 13 Juni

Mchuzi ulikuwa motoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mama kakaa akitazama mlango, hereni masikioni. Hakubisha mtu. Jioni akasema labda hawaijui nyumba. Wanaijua, Anke ana anwani yetu, kila Krismasi anatuma kadi.

Tumekula wawili.

Jumamosi, 14 Juni

Kumbe!

Ujumbe wa Anke, saa nne asubuhi: "Shangazi, Mama anauliza kama tumewakosea. Tumekaa hotelini siku mbili tukisubiri mtualike. Kesho saa sita na dakika kumi treni yetu inaondoka. Natamani sana kumwona Bibi."

Kualikwa! Kwa mama yake Gaetano! Kwao huko, hata kwa mama mkwe huendi mpaka uitwe. Kwetu kumwalika ndugu ni kumwambia wewe ni mgeni. Basi wao wamekaa kule wanasubiri kuitwa, Mama kakaa hapa anasubiri wabishe. Nilicheka peke yangu jikoni. Hata hoteli yenyewe, pengine aliiomba kwa heshima tu, asije akatubana.

Neno moja lingetosha. Niliandika: Njooni. Nikalitazama. Nikalifuta.

Nikaandika: "Bibi yako hajisikii vizuri, hawezi kuonana na watu. Safari njema."

Kwa nini? Kwa sababu miaka ishirini na nne ni mimi ninayemkata kucha za miguu. Mimi ndiye niliyemwambia Umberto wa duka la taa kwamba siwezi kuolewa, mama yangu atabaki na nani? Gaetano alikuwa akipiga simu Jumapili, dakika tano, na wiki nzima ilikuwa Gaetano kasema, Gaetano kacheka. Mimi sijawahi kuvaliwa hereni. Haya, na yeye akose kitu kimoja.

Nikaenda sebuleni. "Hawaji, Mama. Heike hataki."

"Hata mtoto?"

"Hata mtoto."

Hakulia. Aliniomba nimfungulie dirisha.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka kanisani saa tano kasorobo. Nyumba tupu. Nikaita ngazini. Palmira wa ghorofa ya kwanza akatoa kichwa.

"Mama yako? Alinishushia kikapu kwa kamba toka dirishani, anaomba sarafu ya lifti. Nikamtilia. Akashuka amependeza huyo! Nilidhani unajua!"

Mara simu. Fiorenzo.

"Dada, mama yako yuko hapa kwangu, ngazini, ghorofa ya tatu. Amekaa chini. Kupanda hawezi, kushuka hawezi. Midomo haina rangi. Nimempa maji, daktari anamkataa. Anasema apumzike kwanza, hataki wageni wake wamwone akihema."

"Wageni wako wapi?"

"Juu, wanafunga mabegi. Niwaite?"

"Usiwaite. Nakuja."

Hiyo ilikuwa robo saa iliyopita. Nimekaa na mkoba mapajani, naandika badala ya kwenda. Mama, Mama, kichaa gani kimekupanda!

Nilichokuwa nafikiria ni hiki: wacha kwanza wale waondoke, wakishapanda treni nitamchukua polepole, nitamrudisha, nitamlaza, yatakwisha. Nilikuwa nimeshaanza kupumua. Ndipo nikakumbuka kwamba jengo la Fiorenzo lina njia moja tu ya ngazi. Hakuna mlango mwingine. Watashuka na mabegi, goti la chuma, hatua kwa hatua, na ghorofa ya tatu watamkuta. Yeye atawauliza kwa nini hamkutaka kuja. Na Anke ana ujumbe wangu kwenye simu.

Au watamkuta hawezi tena kuuliza. Mungu wangu. Mungu wangu, sikutaka hivyo!

Saa tano na dakika ishirini na tano. Inuka, Ersilia.

Simu inalia tena. Si Fiorenzo. Ni namba ya Ujerumani, ya Anke.